Nchi ya Nyuma ya Kalenda

3 Machi

Kwa Dada wa Mwenye Meza,

Shikamoo Dada. Pole tena. Najua neno hilo limeshakuchosha, limepita midomo mingi kabla ya kufika kwangu, lakini sina jingine.

Hunijui. Mdogo wako aliniita Kobe, kwa sababu zamu yangu ikifika nafikiri mpaka wenzangu wanasinzia. Mazishini tulikaa nyuma, watu wanne: mimi mkata vioo vya miwani, Daktari wa Meno, Mama Pacha mwenye duka la rangi za nyumba, na Fundi Redio. Pengine uliona mtu akidondosha kitu kidogo kaburini kabla ya udongo. Ni mimi. Ilikuwa dadu yake ya pande ishirini. Kama nilikosea, unisamehe.

Sijui alikueleza kiasi gani kuhusu mchezo wetu. Kila Jumamosi mchana tulikutana chumba cha nyuma dukani kwa Mama Pacha, katikati ya makopo ya rangi. Yeye ndiye alikuwa Mwenye Meza. Alijenga nchi ya kubuni yenye milima, miji, barabara, wakubwa na ugomvi wao. Sisi tulikuwa wasafiri ndani yake. Daktari ni mwizi, Mama Pacha shujaa wa shoka, Fundi Redio mchawi asiyejua kusoma, na mimi mganga mwoga. Sisi tunasema tunachofanya, yeye anasema kinachotokea, na penye shaka dadu inaamua. Hadithi hakutuandikia. "Mimi nimejenga nchi tu," alikuwa akisema. "Mkitaka hadithi, tembeeni." Tukienda mashariki, sawa. Tukishinda nyumba ya wageni tunakunywa, sawa pia, ila huko nje mambo yanaendelea bila sisi: mfalme anakufa, daraja linavunjika, na sisi tunakuja kusikia kwa wapita njia.

Kabla hajazidiwa tulikuwa tumevuka mto kuelekea kaskazini. Alituambia ramani ya huko ameanza kuichora. Tumesikia vitu vyake vyote vimeletwa kwako. Tunakuomba ramani hiyo, Dada. Nitakaa mimi kwenye kiti chake. Sijui kama nitakiweza, lakini nchi ile ikifia pale mtoni tutakuwa tumemzika mara mbili.

Ningepiga simu, ila nikianza kulia mbele ya wateja nani atanunua miwani kwangu? Watadhani macho yangu mwenyewe yamenishinda.

Wako mtiifu,
Kobe


15 Machi

Kaka Kobe,

Marahaba. Ila mazishini nilikuona una mvi kunishinda, kwa hiyo shikamoo hiyo naipokea kwa niaba ya marehemu.

Nilikuona ukidondosha. Nilidhani ni kifungo cha koti. Niliwaona wote wanne, nikajiuliza hawa ni akina nani wanaomlilia mdogo wangu kama waliomzaa. Nikamnong'oneza shangazi, akasema, "Labda wa kazini." Lakini wa kazini kwake, ofisi ya upimaji ardhi, walituma shada na mtu mmoja aliyekuwa akiangalia saa.

Mimi aliniambia anacheza karata. Jumamosi mchana nilikuwa nikimpigia simu hapokei, Jumapili ananipigia yeye, sauti imechangamka, "Da Mkubwa, jana karata zilinoga!" Nami nikifurahi kwamba ana watu wa kucheza nao karata. Nikamnunulia karata mpya zenye kingo za dhahabu, siku ya kuzaliwa kwake. Alinishukuru sana. Nimezikuta kwenye vitu vyake, hata karatasi ya nje haijachanwa.

Mimi nashona mapazia. Karakana yetu ina madirisha makubwa yasiyo na pazia hata moja, ndivyo ilivyo. Sanduku lake nimeliweka chini ya meza ya kukatia, sijalifungua lote. Kabla sijatafuta kitu ni lazima nijue natafuta nini. Niambie nchi hiyo ikoje. Mahali panaitwaje, mtu akifika anaona nini.

Dada yake


24 Machi

Dada mpendwa,

Umeniuliza swali ambalo Mama Pacha anasema usingemuuliza Kobe kama una haraka.

Ramani zake zote alichora nyuma ya kalenda za ukutani, zile kubwa. Tulimcheka. Daktari akamletea karatasi nzuri, nene, za michoro. Akashukuru, akazitumia kufungia maandazi. Kalenda tu.

Katikati kuna Mlima Birika, unaotoa moshi kwa mdomo mmoja upande, na ukianza kupiga mluzi watu wanahama. Chini yake Ziwa Beseni. Daktari alilicheka jina hilo mpaka alipotaka kuzama humo, kwa kuwa kingo zake ni laini na hazina pa kushika. Kuna Msitu wa Fagio, miti yote imeinamia upande mmoja. Bandari ya Chumvi iko kusini, na jina hilo nimelitoa mimi! Nilisema siku moja, "Hivi nchi hii watu hawali chumvi?" Jumamosi iliyofuata bandari ikawepo, na meli, na mlevi mmoja anayefanana nami kila kitu.

Na Kijiji cha Vifungo. Huko anaishi Mama Vifungo, mkali kama pilipili. Mtu hatoki kijijini kwake bila kushonewa kifungo kwenye nguo, na anayepoteza kifungo chake hapati njia ya kurudi nyumbani. Mdogo wako alipoigiza sauti yake tulikuwa tunashika mbavu. "Simama wima! Shingo! Unadhani sindano ina macho ya kukutafuta?"

Kijiji hicho tulikichoma moto. Kwa bahati mbaya! Fundi Redio alitaka kuwasha taa kwa uchawi, dadu ikatoa moja, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya nyasi. Mpaka leo tukikumbuka tunacheka.

Sasa umeijua. Kaskazini yenyewe siijui, ndiyo maana naomba.

Kobe


6 Aprili

Kaka Kobe,

Ramani nimeiona. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku. Nimeikunja ndani ya kitambaa cha pazia isichanike njiani; kitambaa si lazima mkirudishe.

Kutoka mtoni kuna barabara moja, pande zote mbili pori. Mwisho wa barabara kuna nyumba nyeupe yenye mlango wa buluu. Ndani kuna vitanda vilivyotandikwa, na anayeingia analala, na akilala haamki. Ameandika mwenyewe: hapa ndipo mwisho wa nchi.

Nilivyosoma mimi, alitaka mpumzike.

Umeandika kwamba kijiji mlikichoma kwa bahati mbaya na kwamba mnacheka. Bahati mbaya ni kumwaga chai. Lakini mimi si mchezaji, labda sielewi.

Dada yake


2 Mei

Dada,

Barua hii nimeianza mara nyingi, na safari hii si kwa ukobe wangu.

Ramani ilipofika niliisoma peke yangu, nimesimama kwenye mashine ya kusaga vioo, nikalia. Nilijua alijua anakufa. Nikawaza, katuagia pale, katutandikia vitanda. Kisha, nikuambie la moyoni, nikaona uchungu. Alitufikiria wote wanne, mimi hakuniachia hata mstari mmoja wangu.

Jumamosi tukakaa. Kiti chake nilikikalia ukingoni. Nikawaelezea barabara, nyumba, mlango wa buluu uko wazi, ndani kuna harufu ya shuka zilizopigwa pasi.

Mama Pacha akasema, "Barabara nzuri hivi, imenyooka hivi, bila hata mbwa? Mtego huo. Siingii."

"Si mtego," nikasema. "Mmechoka. Mmetoka mbali."

"Nani kakuambia nimechoka? Nyumbani nina mapacha, hapa nimekuja kupumzika."

Daktari akasema anazunguka nyuma ya nyumba aone kama kuna dirisha. Hakuna dirisha kwenye ramani. Fundi Redio akasema, "Mimi nakata kulia. Naingia porini."

"Porini hakuna kitu."

"Pori lisilo na kitu nimeliona wapi mimi? Hata nyuki? Hata nzi?"

"Fundi, ingia ndani ya nyumba."

Wote wakaniangalia. Mdogo wako hakuwahi kumwambia mtu aingie mahali. Hata mara moja. Mama Pacha akaniuliza polepole kama kuna jambo linanisumbua.

Hapo nikaitazama ramani kwa jicho la kazi yangu. Mwenye Meza alikuwa na sharti moja la ujenzi ambalo hakulivunja. Kila mahali pawe na njia tatu za kutokea, hata shimo, hata gereza. Njia ikiwa moja, alisema, si nchi tena hiyo, ni foleni. Na ramani hii ina barabara moja, imenyooka kama pindo. Nikatazama pori. Miti yake ni vistari vidogo, vyote vimelala upande mmoja, vina nafasi sawa kwa sawa. Dada, hiyo ni mishono.

Nilifunga mchezo, nikasema kichwa kinauma. Wasafiri wamebaki porini, wamesimama.

Mwanzoni nilikasirika. Ulichukua jina la mtu aliyekufa ukalitia kwenye kazi yako, ukatutumia tukalale. Kisha nikakumbuka jambo, na hasira ikageuka kitu kingine kibaya zaidi. Tulikuwa tukimuuliza, majina haya ya jikoni unayatoa wapi? Mlima Birika, Ziwa Beseni! Alikuwa anajibu, "Kanipa mwenye nchi." Akisema hivyo alitazama upande wangu, mimi niliyeomba bandari. Nikaamini mwenye nchi ni mimi. Sikumwambia mtu, nikatembea na neno hilo miaka yote kama mtu aliyevaa fulana mpya ndani ya shati.

Niambie ukweli. Ni wewe?

Kobe


19 Mei

Kaka Kobe,

Ni mimi.

Mama alikuwa anafua nguo za hospitali, zamu ndefu, na mtaa wetu haukuwa wa kuachia watoto nje. Alikuwa anatufungia ndani. Chumba kimoja, kitanda kimoja, birika, beseni, fagio. Kila kalenda ilipopitwa na mwaka Mama alitupa tuchezee nyuma yake. Mimi nilichora, mdogo wangu akapaka rangi. Mchana jua lilipoingia, kivuli cha birika kilipanda ukutani, yeye akauliza, "Da Mkubwa, mlima ule unaitwaje?" Nikamwambia. Ndivyo ilivyoanza.

Mama Vifungo ni mimi, nimejifunga shuka kichwani. Mdogo wangu alikuwa anapoteza vifungo vya shati la shule, Mama akirudi anamkaripia, kwa hiyo nilimshonea kabla hajarudi, na ili asilie akidungwa niliongea kwa sauti ile. "Shingo! Unadhani sindano ina macho?" Umeniandikia maneno yangu mwenyewe, ukaniambia mlishika mbavu.

Nilipoanza kazi kalenda tuliziacha. Nilidhani ameisahau nchi ile, nikajilaumu mimi kuikumbuka, mwanamke mzima. Kumbe alihama nayo. Akawakaribisha wageni. Akawafungulia mlango ambao sisi tulifungiwa.

Ramani ya kaskazini haikuwepo. Kulikuwa na kalenda tupu, yenye mstari mmoja wa penseli, mto, basi. Nilikaa nayo karakanani wakati wenzangu wamekwenda kula. Nikachukua penseli yake. Nilitaka muingie mle mlale wote, Daktari na shoka la Mama Pacha na wewe na bandari yako, niufunge mlango, nchi ibaki na mwenyewe. Sikujua kwamba kwenye mchezo huu mtu anaweza kukataa. Kwenye chumba chetu hakuna aliyekataa, kulikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa ananipenda.

Nina wivu, Kaka Kobe. Nilikuwa nao nilipowaona mnalia, ninao leo. Wiki zake za mwisho nilimwogesha mimi, nilimlisha uji kwa kijiko, akawa ananiangalia na hakusema. Angeweza kusema. "Da Mkubwa, birika bado linatoa moshi." Maneno machache tu hayo. Mimi nikapewa karata, nyinyi mkapewa mlima.

Kwa jina lake nililoandika, nisamehe. Kwa yale ya kijiji sijui kama nimekusamehe.

Dada yake


30 Mei

Dada,

Nilikuandikia nusu ya habari za kijiji, ile nusu ya kuchekesha. Kijiji kilipoungua, mdogo wako alikusanya dadu zake akasema leo basi. Jumamosi iliyofuata tulitaka kwenda baharini. Akasema nendeni, ila barabara imejaa watu wanaobeba nguzo kurudi Vifungo, na mama mmoja amesimama njiani anawatazama nguo. Hakutulazimisha. Lakini kila tulikopita tulikutana na watu na nguzo, mpaka Mama Pacha akatupa shoka chini akasema, "Jamani, tukabebe." Tukabeba nguzo, Dada. Watu wazima, tumekaa kwenye makopo ya rangi, tunahesabu misumari ya nyumba zisizokuwepo. Kijiji kipo. Kina mapaa ya vigae sasa.

Umesema hakukuambia. Nasi hakutuambia kuwa ana dada anayejenga. Sijui kwa nini. Nina dhana moja, nayo si nzuri, naiandika kwa kuwa nami nina wivu: labda alitaka mahali pamoja ambapo hakuna dada mkubwa wa kumwambia rangi imevuka mstari.

Ukitaka kuichana barua hapa, ichane.

Nimewaambia wenzangu yote. Daktari akasema, "Kumbe Mama Vifungo yupo hai, inabidi nijirekebishe." Mama Pacha anauliza kama unaweza kusafiri uje ukae mezani. Fundi Redio ananipitia dukani kila asubuhi, "Kobe, porini kuna nini?" Nimejaribu kubuni. Naweza kuweka simba, naweza kuweka majambazi, lakini naona naziba tundu la mtu mwingine. Nchi si yangu. Imeniuma kuiandika sentensi hiyo kuliko unavyodhani.

Porini kuna nini, Dada?

Kobe


14 Juni

Kaka Kobe,

Sikuichana. Niliikunja nikaiweka chini ya cherehani, nikashona pazia zima la ukumbi wa harusi bila kumsemesha mtu. Jioni nikaitoa tena.

Ni kweli. Alipaka ziwa rangi nyekundu nikamwambia maji hayawi hivyo. Alikataa mlima usio na njia ya kupanda, nikamwambia mkubwa nani. Na siku aliyosema kijiji kihamie ufukweni nilimnyang'anya penseli. Alikuwa mdogo, akanywea. Hizo njia tatu za kutokea, nimejua sasa alizitoa wapi. Sikumpa mimi. Alizikosa kwangu.

Mezani siji. Usinielewe vibaya, mwambie Mama Pacha nimeguswa. Nikiingia nitamtafuta kwenye kile kiti, nitakuta wewe, nami nitakuchukia bila sababu. Labda mwaka mwingine.

Porini kuna wafyekaji. Pori hili linaota haraka. Njia wanayoifyeka asubuhi jioni imeziba, kwa hiyo hawaachi kufanya kazi, na kwa kuwa hawaachi kufanya kazi hawaachi kugombana. Wamegawanyika. Kuna Bibi Panga, anayetaka njia ielekee mashariki kwenye chumvi ya bandari yako. Kuna ndugu wawili wanaotaka kurudi mtoni wakajenge kivuko, hawasemeshani, wanatumiana salamu kupitia kwa punda. Kuna msichana wa kufua nguo za kambi, yeye ameona moshi kaskazini zaidi na hajamwambia mtu. Moshi wa nini sijaamua. Mkitaka kujua, tembeeni. Njia ni hizo tatu. Nimezihesabu, nikaongeza ya nne kwa hasira.

Nyumba nyeupe nimeiacha palepale. Atakayetaka kulala na alale. Nimetoboa dirisha nyuma kwa ajili ya Daktari.

Yote nimeyachora nyuma ya kalenda ya mwaka huu, nikaing'oa ukutani kabla ya wakati wake. Wenzangu karakanani wanalalamika hawajui leo tarehe ngapi. Fundi Redio akiichoma kambi, mumwambie atabeba nguzo mpaka azeeke, na safari hii sitakuwa mpole kama mdogo wangu.

Ziwa lipakeni nyekundu. Amri ya mwenye nchi.

Kuna bonde moja silitumi. Liko upande wa magharibi wa Mlima Birika, halina jina kwenye ramani zenu, naye hakuwapeleka. Nimezikagua zote zilizomo sandukuni, kwenye kila moja ameacha peupe. Kwa hiyo alilikumbuka, na alilitunza. Wasafiri wakitaka kwenda huko waambie kuna ukungu. Wakishindana, waambie ukungu ni mwingi. Hilo ni la watu wawili, na mmoja bado yupo.

Sasa nchi chukueni. Mimi nitasikia kwa wapita njia, kama mlivyosikia nyinyi habari za mfalme. Jumamosi mkikaa, kabla ya kurusha dadu, mnikumbuke.

Da Mkubwa